Mkoba Mlangoni pa Ndege: Historia ya Ukaguzi wa Mizigo ya Mkononi

 Natumaini mmekwisha kaa na madaftari yako tayari. Nawe unayelisoma somo hili baada ya kulisikia katika redio, fuata polepole kwa kidole, hakuna anayekukimbiza.

Leo nilikusudia kuendelea na habari za reli ya kati, lakini nimepata barua iliyonibadilisha nia. Imetoka kwa mama mmoja wa darasa la jioni, Tabora. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili, na makosa yake ni machache kuliko ya barua nyingi za ofisini ninazozipokea. Asema alisafiri kwa ndege kwenda Maskati kumtazama binti yake aliyejifungua. Mkononi alichukua mkoba, na ndani yake mlikuwa na khanga mbili, mswala, dawa zake za shinikizo la damu, na chupa ya asali ya kumpa mzazi. Katika kiwanja alichobadilishia ndege, mkoba ulipitishwa katika mashine, na asali ikachukuliwa. Kisha, alipofika kwenye mlango wenyewe wa kupandia ndege, akasimamishwa mara ya pili. Msichana aliyevaa glavu akaufungua mkoba mbele ya watu, akatoa vitu kimoja kimoja, huku akiuliza: Nani aliyekufungia mkoba huu? Kuna mtu aliyekupa kitu umchukulie? Mama aandika hivi: "Watu walikuwa wakinitazama. Sijaiba tangu kuzaliwa kwangu. Nilikosa nini?"

Shikamoo, mama. Barua yako imefika, nami nitakujibu kwa njia ya historia, kwa sababu kila jambo ulilofanyiwa pale lina mwaka wake na mahali pake. Hukukosa neno. Lakini kusema hivyo tu hakutoshi. Yafaa ujue kwa nini mtu asiye na kosa hufunguliwa mkoba.

Wanafunzi, andikeni kwanza neno moja: UKAGUZI. U-ka-gu-zi. Linatokana na kukagua, yaani kutazama kitu kwa makini ili kuhakikisha kwamba hakina kasoro. Mkaguzi wa shule hukagua shule. Hasemi kwamba mwalimu ni mwizi. Liwekeni neno hilo katika daftari, tutalitumia sana.

Zamani ndege za abiria zilisafiri miaka mingi bila ukaguzi wa namna hii. Mtu alinunua tiketi, akaushika mkoba wake, akatembea hadi ngazini kama apandavyo basi. Jamaa zake waliweza kumsindikiza karibu kabisa na ndege. Hakuna aliyeuliza ndani ya mkoba mna nini. Forodha walikagua, ndiyo, lakini wao walitafuta ushuru na magendo.

Mambo yalianza kugeuka huko Marekani. Tarehe 1 Mei, 1961, ndege ndogo ya abiria ilikuwa ikiruka kwenda Key West, mji ulio kusini kabisa mwa jimbo la Florida. Abiria mmoja mwenye kisu na bastola akamwamuru rubani aelekee Kuba. Rubani akaenda. Hiyo ndiyo ndege ya kwanza ya shirika la Marekani kutekwa na kupelekwa Kuba. Mwezi Septemba mwaka ule ule Rais Kennedy akatia sahihi sheria ya kuwaadhibu vikali watekaji ndege. Sheria ilikuwa kali, lakini angalieni: ilimngojea mtu baada ya kutenda. Mkoba wake kabla ya safari haukuguswa.

Miaka michache baadaye jambo hili likawa kama ugonjwa wa kuambukiza. Tangu 1968 hata 1972 ndege za Marekani zaidi ya 130 zilitekwa au kujaribiwa kutekwa. Wengine walitaka kwenda Kuba, wengine walitaka fedha, wengine walikuwa na wazimu tu. Marubani wakapewa ramani za bahari ya Karibi, hata wale ambao safari zao hazikukaribia huko, ili wakilazimishwa kwenda Havana wasipotee njia.

Labda utauliza: kwa nini hawakufungua mikoba tangu mwanzo? Hapo ndipo pana fundisho kubwa la historia hii, na ni la hesabu. Wenye mashirika ya ndege walipima hasara mbili. Ndege ikipelekwa Havana, abiria huchelewa siku moja, hasara ni mafuta na aibu kidogo, na mara nyingi hakuna aliyeumia. Lakini kufungua mikoba ya abiria wote wa nchi, kila siku, kutaleta foleni, kutagharimu fedha nyingi, na zaidi ya hayo kutawaudhi wateja. Waliogopa, mama, kile kile kilichokuuma wewe: kwamba muungwana atajiona anadhaniwa mhalifu, na kesho atapanda treni. Kwa hiyo waliikataa rai ya kukagua watu wote. Mimi nawalaumu, lakini siwezi kusema kwamba hofu yao haikuwa na maana.

Mwaka 1969 wakajaribu njia ya katikati. Wataalamu walitunga orodha ya siri ya dalili za mtu awezaye kuteka ndege: anavyonunua tiketi, anavyosimama, anavyotazama. Mwenye dalili hizo alipitishwa katika chombo cha kutambua chuma. Wengine wote waliachwa wapite. Yaani walikaguliwa wachache waliochaguliwa kwa macho. Fikirini wenyewe jinsi njia hiyo inavyoweza kumwonea mtu kwa sura yake, na jinsi inavyoweza kumwachia mwovu aliyevaa vizuri.

Naye mwovu aliyevaa vizuri hakukawia kutokea. Tarehe 24 Novemba, 1971, katika mji wa Portland, mtu mmoja aliyevaa suti na tai alinunua tiketi kwa jina la Dan Cooper. Mkononi alikuwa na mkoba wa ofisini. Ndege ilipoanza safari akamwonyesha mtumishi wa ndege ndani ya mkoba: vitu vyekundu na nyaya, akasema ni bomu. Akadai dola 200,000 na miavuli minne ya kurukia. Akapewa Seattle, akawaachilia abiria, kisha usiku, mvua ikinyesha, akaruka kwa ngazi ya nyuma ya ndege na zile fedha. Mpaka leo hajulikani ni nani wala alikokwenda. Mwaka 1980 kijana mmoja alifukua sehemu ndogo ya noti zake kando ya mto Columbia, basi. Watu wengi hupenda hadithi hii kwa utundu wake. Mimi naikumbuka kwa sababu nyingine: kutoka mlango wa kiwanja hadi kitini hakuna mtu hata mmoja aliyeufungua ule mkoba.

Kilichomaliza ubishi ni tukio la mwaka uliofuata. Tarehe 10 Novemba, 1972, watu watatu wenye bastola na mabomu ya mkono waliiteka ndege ya shirika la Southern Airways iliyoondoka Birmingham, katika jimbo la Alabama. Walidai dola milioni 10. Walizunguka nayo yapata saa 30, wakitua hapa na pale kwa ajili ya mafuta. Walipoona fedha zinachelewa, wakatoa tisho jipya: wataiangusha ndege juu ya Oak Ridge, mji wa jimbo la Tennessee wenye mtambo wa nguvu za atomiki. Mwisho walitua Havana, nayo serikali ya Kuba ikawatia gerezani.

Mwaona jinsi hesabu ilivyobadilika. Hapo awali aliyekuwa hatarini ni abiria. Sasa hatarini wamekuwamo watu walio chini, katika nyumba zao, ambao hawakununua tiketi yoyote. Serikali ya Marekani haikungoja tena. Mwezi Desemba ikatoa amri, na tangu tarehe 5 Januari, 1973, kila abiria na kila mkoba wa mkononi ukakaguliwa kabla ya kupanda ndege. Kila abiria, tajiri kwa maskini, mzee kwa kijana. Mwanzoni mikoba mingi ilifunguliwa kwa mikono, kwa sababu mashine zilikuwa hazijaenea. Mwaka huo utekaji wa ndege katika nchi ile ulipungua mno.

Mama, tia mstari chini ya neno lile KILA. Aibu hutoka katika kuchaguliwa. Ukivuliwa kilemba peke yako umedhalilishwa. Wakivua wote, ni desturi ya mahali. Na wale waliokuwa wakikutazama, nadhani wengi walikuwa wakingoja zamu yao.

Watu walikwenda mahakamani, kama ilivyo haki yao. Katiba ya Marekani hukataza askari kumpekua mtu bila sababu. Mwaka huo huo 1973 mahakama moja ya rufani iliamua shauri la mtu aliyekutwa na bastola katika mkoba wake kiwanjani. Ilisema kwamba ukaguzi wa kiwanja cha ndege ni halali kwa sharti hili: shabaha yake iwe kuzuia silaha isiingie katika ndege, usizidi kiasi kinachohitajika, na abiria awe na hiari ya kuacha kusafiri. Mwaka 2007 mahakama ile ile ikapunguza hiari hiyo: ukisha kuingia katika ukaguzi, huwezi kusema ghafula, "Basi, naenda zangu." Sababu yake ni wazi. Mwovu angejaribu leo, akishukiwa aondoke, kesho ajaribu tena.

Sasa maneno machache juu ya mashine. Miale ya eksirei iligunduliwa na mtaalamu wa Ujerumani, Röntgen, mwaka 1895. Wengi wenu mmepigwa picha hiyo hospitalini. Miale hupenya nguo na nyama kwa urahisi, lakini huzuiliwa na mfupa, na zaidi na chuma. Mashine ya kiwanjani hutumia miale ya namna hiyo, nayo ya siku hizi hupaka rangi: vitu kama vyakula, nguo, karatasi na mbao huonekana kwa rangi ya machungwa, chuma huonekana buluu, vilivyo katikati huonekana kijani. Mtu aliyeketi mbele ya kioo ana nafasi fupi tu ya kuusoma kila mkoba. Nimesema kuusoma, na sikukosea. Ni kusoma kweli, na kama kusoma kwetu, macho yakichoka huruka neno.

Macho yakiruka neno huwa nini? Hilo twalijua sisi wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 27 Juni, 1976, ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitua Athens kuchukua abiria. Ukaguzi wa Athens siku zile ulikuwa mlegevu. Watu wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili, waliotoka katika safari nyingine ya ndege, wakapanda na silaha zao. Siku ya pili ndege ilikuwa Entebbe. Mnajua yaliyofuata: usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai askari wa Israeli walishuka Entebbe na kuwatoa mateka, mateka kadhaa wakafa, na askari wengi wa Uganda. Ndege za Waisraeli zilitua Nairobi kwa mafuta, na kwa ajili hiyo Idi Amin akawakasirikia Wakenya, na Wakenya waliokuwa Uganda wakauawa. Vijana wa Uganda na watumishi wa Kenya wakafa kwa sababu ya mikoba ambayo haikutazamwa vema huko Ugiriki, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Hata nchini kwetu yametokea. Tarehe 26 Februari, 1982, ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Rais Nyerere ajiuzulu. Badala ya kutua Dar es Salaam, abiria walijikuta Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na mwisho Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Mtu aliyetoka Mwanza na kanzu nyepesi aliteremka katika baridi ya Uingereza ya mwezi wa pili.

Lakini sijalijibu bado swali lako lenyewe, mama. Wewe umeuliza juu ya ukaguzi wa mara ya pili, ule wa mlangoni, na juu ya lile swali la nani aliyekufungia mkoba. Kwa hayo twende London, mwaka 1986.

Palikuwa na mwanamke wa Ireland aliyefanya kazi za usafi katika hoteli. Alikuwa na mchumba, mtu wa Yordani, jina lake Nezar Hindawi, naye alikuwa na mimba yake. Huyo mchumba akamwambia kwamba watafunga ndoa katika nchi takatifu. Yeye bibi atangulie kwa ndege ya El Al hadi Tel Aviv, naye bwana atamfuata kwa safari nyingine. Akamnunulia tiketi. Akampa mkoba wenye magurudumu. Asubuhi ya tarehe 17 Aprili akampeleka katika teksi hadi kiwanja cha Heathrow, wakaagana.

Yule mwanamke alipitia ukaguzi wa kawaida wa kiwanja. Mkoba ukapita katika mashine, na hakuna kilichoonekana. Katika viwanja vingi mambo yangeishia hapo. Lakini shirika lile la Israeli lilikuwa na desturi ya kukagua tena karibu na mlango wa ndege, kwa mikono na kwa maswali. Je, unasafiri peke yako? Unakwenda kwa nani? Mkoba huu umeufunga mwenyewe? Mlinzi akatoa vitu vyote vilivyokuwamo. Kisha akauinua ule mkoba mtupu, akaona kwamba bado ni mzito.

Sitisha kidole chako hapo, msomaji. Mashine ya thamani ilikuwa imeshindwa. Aliyetambua ni mkono wa mtu aliyejua uzito wa mkoba mtupu, kama mama yeyote sokoni ajuavyo kibaba kilichowekwa kitambaa chini.

Walipopasua chini wakakuta sakafu ya pili, na ndani yake kilo moja na nusu hivi ya baruti kali iitwayo Semtex. Kiwashio kilikuwa katika kikokotoo kilichomo mkobani, nacho kilitegwa kilipue ndege ikiwa angani. Ndege ilikuwa na watu zaidi ya 300. Katika hao alikuwamo yeye mwenyewe, na mtoto aliye tumboni, na baba wa mtoto huyo ndiye aliyeyapanga. Yule mwanamke hakujua neno. Alidhani anakwenda kuolewa. Mwezi Oktoba mwaka huo mahakama ya London ilimhukumu Hindawi kifungo cha miaka 45, nayo Uingereza ikavunja uhusiano wa kibalozi na Syria, kwa kuwa iliamini kwamba wakubwa wa Syria walihusika.

Basi, mama, msichana yule mwenye glavu alipokuuliza nani aliyekufungia mkoba, hakukuuliza kama wewe ni mwizi. Aliuliza kama kuna mtu aliyekutumia bila wewe kujua. Kama mlinzi wa Heathrow angewatazama wanawake kwa sura zao tu, angemwacha yule wa Ireland apite: mjamzito, mpole, mwenye furaha, hana kosa. Na kweli hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini ya sakafu ya mkoba.

Zawadi zimetumika hivyo karibu na kwetu pia. Tarehe 24 Mei, 1978, Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa Waziri wa Kilimo wa Kenya, aliondoka Entebbe kwa ndege ndogo kurudi Nairobi. Ndege ililipuka karibu na vilima vya Ngong, na wote waliokuwamo wakafa. Wengi wameeleza kwamba bomu lilifichwa ndani ya zawadi ya kuchongwa aliyopewa alipokuwa akiagwa. Kwa hiyo mtu akikujia kiwanjani na kifurushi, akasema, "Shangazi, nipelekee hiki, ndugu yangu atakupokea huko," usione haya kukataa. Najua ni vigumu. Sisi tumelelewa kwamba mwenye safari ni mjumbe wa kijiji kizima, naye akatayeye kubeba mzigo wa jirani huitwa mwenye maringo. Mwenyewe niliwahi kubebeshwa bahasha nene na mtu nisiyemjua vizuri, nikaibeba kwa kuona haya tu. Ilikuwa na vyeti vya shule, lakini sikulijua hilo mpaka nilipofika.

Lazima niseme pia kwamba ukaguzi hauwezi kila kitu. Tarehe 23 Novemba, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu watatu wakaiteka, wakaamuru iende Australia. Walichukua shoka lililokuwamo ndani ya ndege yenyewe, na bomu walilotisha nalo lilikuwa chupa ya pombe. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakusadiki. Mafuta yakaisha juu ya Bahari ya Hindi, na ndege ikaanguka majini karibu na ufuko wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, akiwamo mpiga picha mashuhuri wa Kenya, Mohamed Amin. Wengine walifia ndani kwa sababu walijaza upepo majaketi ya kuokolea kabla ya kutoka, na maji yalipoingia yakawabana darini. Ninyi mtakaopanda ndege, likumbukeni hilo: jaketi hujazwa upepo ukisha kutoka mlangoni.

Yaliyofuata mmeyasikia wengi, nami nitapita haraka. Tarehe 11 Septemba, 2001, watu 19 waliziteka ndege nne za Marekani, na karibu watu 3,000 wakafa. Visu vidogo vyenye ubapa usiofika inchi 4 vilikuwa vikiruhusiwa siku zile. Tangu hapo vilikatazwa, na katika Marekani kazi ya ukaguzi ikaondolewa kwa walinzi wa kukodiwa na mashirika, ikawa ya serikali. Mwezi Desemba mwaka huo mtu alijaribu kulipua ndege kwa baruti iliyofichwa katika viatu, na abiria wa Marekani wakavua viatu kwa miaka mingi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2025.

Nayo asali yako, mama? Asali yako ilichukuliwa kwa sababu ya tarehe 10 Agosti, 2006. Siku hiyo serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imewakamata watu waliopanga kulipua ndege kadhaa kwa dawa za majimaji zilizofichwa katika chupa za vinywaji. Mashine za wakati ule ziliona maji na dawa ile kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo ikawekwa kanuni katika nchi nyingi: kitu cha majimaji kisizidi mililita 100 katika chombo kimoja. Asali, samli, uji mzito, mafuta ya nywele, vyote huhesabiwa majimaji. Mashine mpya zimeanza kutofautisha, na viwanja vingine vimelegeza kanuni, lakini si vyote. Asali na iwe katika sanduku kubwa linalokabidhiwa mwanzoni, imefungwa vema. Samahani kwa chupa hiyo. Hata mimi ningesikitika.

Limebaki jambo moja ulilolitaja mwishoni mwa barua: kwamba abiria wengine walinyang'anywa masanduku yao madogo pale pale mlangoni. Hao hawakunyang'anywa. Rafu za juu ya viti huwa chache, na zikijaa, mtumishi huyachukua masanduku yanayozidi na kuyatia chini, katika tumbo la ndege, nawe unalipokea lako mwisho wa safari. Likitokea kwako, usilitoe mara moja. Toa kwanza dawa zako, fedha, pasi ya kusafiria, na betri ya akiba ya kuchajia simu. Betri za lithiamu zikipata hitilafu huweza kuwaka zenyewe. Tarehe 3 Septemba, 2010, ndege ya mizigo iliyoondoka Dubai na shehena iliyokuwa na betri za namna hiyo iliwaka moto na kuanguka, na marubani wote wawili wakafa. Betri ikiwaka karibu na abiria, watu wataona moshi na kuuzima. Ikiwaka chini, hakuna atakayeiona mapema. Ndiyo maana betri ya akiba hukaa nawe juu, na kamwe haiendi chini.

Muda wetu umekwisha. Kabla ya Jumanne ijayo, kila mwanafunzi aandike mistari mitano juu ya mzigo aliowahi kumbebea mtu mwingine safarini: alipewa na nani, na kama alijua kilichomo. Mwalimu wa darasa atazikusanya. Mama wa Tabora, wewe umekwisha andika kurasa mbili, umesamehewa; mpelekee binti yako salamu zetu, na mtoto tunamwombea afya. Jumanne tutarudi katika reli ya kati, tulipoishia Morogoro. Kwaherini.